Sungura wa ndani anafukua zulia sebuleni, mwenye kujua namna ya kumwachisha aje hapa

Baba Naima
Wakuu habari za jioni, wa Mtwara, Lindi na popote mlipo. Nna sungura jike, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, watoto wamempa jina Mandazi. Nlimchukua akiwa mdogo kwa jamaa mmoja wa Naliendele anayefuga wa kitoweo, binti yangu akamng'ang'ania basi yakaisha hapo, akaingia ndani na mpaka leo anaishi sebuleni. Haja zake anajua pa kwenda, kwenye beseni lake la majani makavu, hasumbui mtu, hata mgeni akija anasogea mwenyewe kumnusa miguu.

Shida ni moja tu, ZULIA. Tuna zulia la manyoya la rangi ya maziwa, mama Naima kalitafuta mwenyewe Dar na kulipandisha basi mwenyewe, sasa huyu kiumbe kila ikikaribia magharibi anaenda kona ile ile ya dirishani, anainamisha kichwa, mikono ya mbele krrr krrr krrr anafukua kama anatafuta ming'oko (ile mizizi ya porini), akichoka kufukua anazing'ata zile nyuzi anazivuta kwa meno, halafu anarudi nyuma kidogo anaikagua kazi yake, anaanza tena. Saivi pana upara wa saizi ya sahani na ule wavu wa chini unaonekana kabisa. Usiku tunamfungia kizimbani anatulia, ila adhana ya alfajiri ikilia tu naye ameamka, plastiki ya chini ya kizimba inakwaruzwa mpaka jirani anasikia.

Nimemfokea, nimepiga makofi, anasimama ananiangalia, nikikaa anaendelea. Nimeweka stuli juu ya ile kona akahamia pembeni yake. Mama Naima kasema nichague, zulia au sungura, na mi sijui kwanini nahisi kuna jina la tatu kwenye hiyo orodha. Naombeni njia ya kweli. Na nyie wa "mchinje" najua mpo, piteni kimya kimya.

Kitoweo Kwanza
Sijasema kitu mkuu. Naulizia tu, kashafika kilo mbili?

Mzee wa Tandahimba
Pilipili. Twanga, changanya na maji, nyunyiza pale pale anapochimba. Mbuzi wa jirani waliacha kula miche yangu kwa njia hiyo. Na kama meno yanamwasha mpe maganda ya korosho atafune, msimu ndo huu yamejaa tele.

MifugoLindi
Shikamoo mzee wangu, naomba nikupinge kwa heshima, yote mawili hapana. Sungura anapumua kwa pua tu, na akichimba pua yake ipo karibu kabisa na sakafu, pilipili yote inaingia. Halafu ndo mnyama wa kujisafisha uso kwa mikono ile ile aliyofukulia, kwahiyo kutoka puani inahamia machoni. Mbuzi ananusa na kuondoka, huyu amefungiwa nayo chumba kimoja. Ganda la korosho nalo lina yale mafuta yanayobabua mikono ya wanaobangua, mdomo wa sungura utakuwaje? Kama ni meno, ni kweli yanaota maisha yake yote na yanahitaji kusagwa, ila kinachoyasaga vizuri ni nyasi, nyasi nyingi kila siku, siyo kitu kigumu.

Baba Naima kabla sijasema neno nijibu haya maana kila mtu atakupa dawa na hatujui ugonjwa. Ana umri gani? Kuna dume aliyewahi kukaa naye? Anachimba saa zote au magharibi na alfajiri tu? Anajinyonyoa manyoya ya kifuani? Anakula nini? Na zile nyuzi anazovuta, anazitema au anazimeza?

Hilo la mwisho ndo linanitia wasiwasi kuliko zulia lenyewe.

Newala Mjini Hapa
Mi nashangaa kidogo. Huku kwetu sungura wa porini nawafahamu tangu utoto, hawachimbi mashimo hata siku moja, unamkurupua kwenye nyasi kalala zake hivi hivi. Huyu wa kwako kajifunzia wapi kuchimba, labda ni panya mkubwa hahaha

MifugoLindi
Newala swali zuri hilo, na ndo kiini cha mambo. Yule wa porini kwetu na huyu wa kufugwa ni viumbe wawili tofauti, hawawezi hata kuzaliana. Wa porini anazaa juu ya ardhi, kitoto kinatoka na manyoya yake na macho wazi, muda si mrefu kinaweza kukimbia. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, kwao wanaishi kwa ukoo ndani ya mahandaki chini ya ardhi, kitoto kinazaliwa uchi, kipofu, bila shimo hakiishi. Na kwenye ule ukoo wachimbaji wakubwa ni majike. Dume anakwaruza kidogo kuweka alama yake basi. Kwahiyo Mandazi hajajifunza popote, kazaliwa na hiyo kazi mikononi, ni sebule yenu tu haina udongo.

Ndomana kumfokea hakusaidii. Hajui amekosa nini, anajua tu kwamba akikwaruza wewe unanyanyuka kwenye kochi unamfuata.

Mama Sungura Masasi
Hapo kwenye majike nakubaliana na wewe asilimia zote. Mimi nafuga wa biashara, nna mabanda nyuma ya nyumba, jike akianza kukwangua sakafu ya banda mi siulizi maswali, naweka boksi la kuzalia na majani makavu. Mimba yao ni mwezi mmoja, siku 31 hivi, wiki ya mwisho anachimba, anabeba majani mdomoni kama masharubu, mwisho ananyonyoa manyoya yake mwenyewe anatandika. Baba Naima, jike wako anataka kuzaa, mpelekee dume tatizo liishe.

Newala Mjini Hapa
Tatizo la zulia liishe lianze tatizo la vitoto wanane sebuleni

Mama Sungura Masasi
Vitoto wanane ni hela mdogo wangu, wewe hujui tu.

Baba Naima
Asanteni sana. Najibu. Umri haujafika mwaka. Dume hajawahi kumuona tangu aje kwangu na alikuja mdogo wa kushika kwa mkono mmoja. Manyoya hajinyonyoi nimemkagua leo kifua kizima. Muda ni magharibi na alfajiri, mchana analala. Anakula matembele, ukoka, mchicha, na pumba kidogo, karoti watoto wanamuibia jikoni. Nyuzi… sina uhakika, nyingi naziokota pale sakafuni ila siwezi kuapa kwamba zote zipo.

MifugoLindi
Magharibi na alfajiri ndo saa zake za kazi, sungura siyo wa usiku wala wa mchana, anaamka mwanga ukiwa hafifu. Hilo halina tiba ila linakusaidia kujua uwe naye wakati gani.

Nyuzi sasa. Sikiliza vizuri na wengine wenye sungura ndani msikie. Sungura HAWEZI kutapika. Kinachoingia lazima kitokee upande wa pili, na nyuzi za zulia ni plastiki, zinaweza kujiviringa na manyoya yake anayolamba zikakwama tumboni. Dalili: hagusi chakula hata anachokipenda, kajikunyata pembeni, anasaga meno kwa maumivu, na zile goroli zake za kinyesi zinakuwa ndogo ndogo, au zimeshikana kwenye uzi kama shanga, au hazionekani kabisa. Ikipita nusu siku hajala wala hajapata choo usisubiri kesho, huyo ni mgonjwa wa dharura, mtafute daktari wa mifugo usiku huo huo. Kwahiyo lile eneo lenye upara lifunike leo, kabla hata hatujamaliza mjadala, weka kipande cha mbao au marumaru juu yake.

Na pumba punguza. Robo tatu ya anachokula au zaidi iwe nyasi, ukoka ni mzuri sana, aukute pale saa zote. Mnyama mwenye nyasi za kutafuna saa zote ana muda mchache wa kushughulika na zulia lako. Angalizo kwa wa huku kusini, miezi ile ya kupuliza salfa kwenye mikorosho, Juni mpaka Agosti hivi, usikate majani chini ya mikorosho ukamletea. Na majani ya muhogo usimpe, yana sumu ikiwa mabichi.

Kitoweo Kwanza
Sasa mnyama anakula nyasi masaa yote, hapewi ugali, hapewi maganda ya korosho, kazi yake kuchimba. Mabibo je, mabibo ruksa?

MifugoLindi
Yana sukari nyingi yale, ataharisha. Na wewe ukimpa yaliyochacha atalewa uraka uje uanzishe uzi mwingine.

Bi Mkubwa wa Mikindani
Wanangu hamjambo. Nimesoma tangu mwanzo hadi hapa nina swali moja tu kwa baba Naima. Hiyo kona ya dirishani chini kuna nini? Umeweka stuli amehamia pembeni yake lakini si upande wa mlangoni, si chini ya kabati. Kwanini pale?

Baba Naima
Shikamoo mama. Pale dirishani tumeweka mtungi wa maji ya kunywa kwenye kigoda, zulia linaishia hapo hapo. Kingine hakuna.

Bi Mkubwa wa Mikindani
Marahaba. Basi ndiyo hapo. Mtungi unatoa jasho, saruji ya chini yake ni baridi siku zote, ukiweka unyayo unaisikia. Mnyama mwenye koti la manyoya mwili mzima, Mtwara hii, mwezi huu wa kumi na moja, umeme ukikatika feni haizunguki, wewe umemtandikia manyoya mengine chini. Anatafuta sakafu jamani. Paka wangu huwa anafanya hivyo hivyo, anasukuma mkeka analala kwenye saruji tupu.

Na nitasema mtanisamehe, hayo mazulia ya manyoya ni ya watu wa Iringa na Njombe huko kwenye baridi. Pwani sisi tulikuwa na mikeka, ikichafuka unakung'uta, kukiwa na joto unakunja unaweka pembeni.

Newala Mjini Hapa
Bi Mkubwa kamaliza uzi 🙌 Newala yenyewe kwenye baridi la usiku sina zulia la manyoya

Mama Sungura Masasi
Joto sawa lakini mi bado nasema ni uzazi. Mbona hachimbi mchana jua likiwa kali?

MifugoLindi
Mama Sungura, mchana analala, na sungura mwenye joto hahangaiki, anajinyoosha. Ila hoja yako ina maana na siitupi, yanaweza kuwa yote mawili kwa pamoja. Bi Mkubwa kagusa jambo nililoliruka. Sungura hatoki jasho, joto analitolea masikioni, ile mishipa unayoiona ukimulika sikio kwa tochi. Hewa ikipita nyuzi 30 hivi anaanza kuteseka, na huku kwetu na unyevu huu wa bahari hiyo ni kawaida kabla mvua hazijashika. Baba Naima fanya jaribio rahisi lisilokugharimu kitu. Kunja hiyo kona ya zulia, acha saruji wazi pale kwenye mtungi, uone.

Fundi Makochi
Napita tu nikiwa kazini Mikindani, hiyo sehemu yenye upara usiitupie zulia zima, inazibika. Mmalizane na mnyama kwanza nitarudi.

Baba Naima
Nimerudi wakuu na nna habari. Jana alasiri nlikunja kona, nikasogeza kigoda cha mtungi kidogo ili eneo liwe kubwa, nikakaa kwenye kochi najifanya naangalia simu. Mandazi akaja mpaka pale, akanusa saruji, akapitisha kidevu pembeni ya kigoda, halafu mkuu akajitupa! Alilala chubwi kwa tumbo, miguu ya nyuma kainyoosha nyuma yote nyayo zikiangalia juu, masikio kayalaza mgongoni. Binti yangu alidhani kafa akaanza kulia. Kumbe kanogewa. Kakaa pale mpaka jua linaelekea kuzama.

Bi Mkubwa nakupa heshima zako zote. Lakini sasa, saa ile ile ya magharibi akaamka, akaenda katikati ya sebule, krrr krrr. Siyo kwa hasira ya zamani ila anakwaruza. Na pale katikati pakitoboka mi kwangu ndo basi tena.

Mama Sungura Masasi
Nlisema mimi. Mikono imeumbiwa kuchimba.

Mjukuu wa Mkonge
Suluhisho toa zulia lote, bakia na marumaru, atachimba nini?

MifugoLindi
Mkonge sungura hana zile pedi laini chini ya unyayo kama paka, ana manyoya tu, kwenye marumaru anateleza miguu inachanuka kila upande. Akikaa kwenye sakafu ngumu tupu siku zote visigino vinachubuka mpaka vidonda. Anahitaji sehemu laini ya kukanyaga na sehemu ya baridi ya kulala. Mkeka wa ukindu ni mzuri, akiutafuna ni majani tu siyo plastiki.

Baba Naima hapo ulipofika joto limetoka kwenye hesabu, imebaki silka. Silka huizuii mkuu, unaihamisha. Mtengenezee shimo lake. Tafuta boksi la kadibodi refu, la feni au la friji ndogo, toboa mlango ubavuni juu kidogo ya sakafu ili anachokitupa kibaki ndani. Weka udongo, au kama mama Naima hataki udongo ndani ya nyumba basi magazeti yaliyochanwa na ukoka mkavu hadi nusu ya boksi. Fukia humo vijani vya matembele, vipande vidogo vya karoti, achimbe apate kitu. Zulia halijawahi kumlipa chochote, boksi linalipa.

Baba Naima
Mchanga wa pwani si upo bure hapa chini Shangani, naenda na ndoo

Bi Mkubwa wa Mikindani
Wa ufukweni hapana mwanangu, una chumvi na atajilamba mwili mzima. Na ule wa chini ya miembe majumbani una funza, watamwingia miguuni, hata kwa watoto wako watahamia. Chukua wa mto au wa mafundi ujenzi, uchekeche, uanike kwenye jua kali siku nzima ukiugeuza geuza.

Mwanahawa Kilwa
Samahani naingilia, mi pia nna jike na nimesoma hapo juu kuhusu kunyonyoa manyoya. Wangu alikuwa anachimba zulia chini ya kitanda, akakusanya majani mdomoni, akajinyonyoa kifua mpaka ngozi ikaonekana, na hakuna dume ndani ya nyumba labda mume wangu. Alikuwa mkali hata mkono haugusi, anakoroma na kurusha makofi. Nikaambiwa kaingiwa na jini la kuzaa. Nini hii?

Mama Sungura Masasi
Mimba hewa hiyo dada. Yai la sungura linashuka akipandwa, na siyo lazima apandwe na dume, hata jike mwenzake akimpanda, wakati mwingine hata kumpapasa sana mgongoni kunatosha, mwili unadhani tayari. Inadumu siku 16 hadi 18 hivi inaisha yenyewe. Usimnyang'anye kile kitanda alichotengeneza, ataanza upya na kunyonyoa tena. Muache, mpe majani makavu, punguza kumbeba. Hapo zulia likichimbwa mwekee boksi pale pale alipochagua, usibishane naye pa kuzalia.

Mwanahawa Kilwa
Ahsante dada, jini limeisha basi 😂

MifugoLindi
Umelijibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Niongeze tu, kama inajirudia rudia kila mara kuna upasuaji wa kumtoa kizazi, wenye sungura wa ndani huko ng'ambo wanafanya sana kuanzia miezi sita hivi, unapunguza kuchimba, ukali, na unamkinga na saratani ya kizazi ambayo majike wasiofanyiwa upasuaji huo wakizeeka inawapata sana. Ila kumlaza sungura kwa dawa ya usingizi ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya, usikubali mtu ajifunzie kwa mnyama wako. Uliza kwanza ameshafanya sungura wangapi na wangapi wameamka.

Mzee wa Tandahimba
Haya pilipili mmekataa. Dawa ya kunguni ya kupuliza je, ile inanuka sana hatasogea.

MifugoLindi
Mzee wangu 😅 hapana. Atakaa juu yake, atailamba miguuni. Na kwa wale wanaopaka mbwa dawa za viroboto, zile zenye fiproni zinaua sungura, usijaribu kumpaka hata tone. Kama pale alipochimba aliwahi kukojoa ndo harufu inamrudisha, basi siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, futa, acha ikauke, hiyo inatosha.

Newala Mjini Hapa
Makucha hamjayagusa. Yakiwa marefu hata akipita tu anavuta nyuzi.

Mama Sungura Masasi
Kweli. Kata kila mwezi au mwezi na nusu. Kaa chini, mlaze mapajani kwa tumbo, mtu mmoja ashike, mwingine akate. Ndani ya kucha kuna mshipa mwekundu, kwenye kucha jeupe unauona, kwenye jeusi mulika tochi ya simu kwa nyuma. Kata mbele yake uache nafasi. Ikitoka damu bandika unga wa mahindi ukandamize. Na usimgeuze chali kwa nguvu, akirusha miguu ya nyuma anaweza kuvunja uti wake wa mgongo mwenyewe.

Baba Naima
Ripoti. Boksi limekaa ukutani karibu na pale kwenye saruji. Mchanga nimechukua kwa mafundi wanaojenga mtaani, mwanangu wa kiume kauchekecha. Siku ya kwanza aliingia, akasikia unavyozama, mkuu ALICHIMBA. Mlango nlitoboa chini sana, mchanga ukaruka mpaka kwenye meza ya tv, mama Naima akanyanyua ufagio hajui ampige nani. Nikaligeuza boksi, nikatoboa mlango mwingine juu zaidi, saivi unasikia tu ndani kunavuma. Anatoka na mchanga puani anapiga chafya anarudi.

Zulia bado analikwaruza siku ukoka ukichelewa au tukimwacha peke yake jioni nzima, ila ni mara mbili tatu halafu anaenda kwenye boksi lake. Alfajiri ndo bado. Nimemwekea rundo la ukoka kizimbani usiku, kelele zimepungua lakini hazijaisha.

MifugoLindi
Kile kizimba kina ukubwa gani? Akiamka alfajiri amefungiwa hana cha kufanya, plastiki ndo sehemu yake ya kuchimba. Kama zulia sasa lina usalama mwachie mlango wazi usiku, funga tu njia ya kwenda vyumbani na nyanyua nyaya zote za chaja na tv, zile anakata kwa jino moja. Au weka boksi dogo la magazeti humo humo kizimbani.

Baba Naima
Kidogo kwa kweli, anageuka tu. Nitamwachia kuanzia leo.

Bi Mkubwa wa Mikindani
Na chupa ya maji ya barafu uizungushie kanga uiweke pale anapolala mchana. Ikiyeyuka unarudisha kwenye friji.

Kitoweo Kwanza
Nimefuatilia uzi huu tangu juzi badala ya kufanya kazi. Naomba mtu anitafutie jike mdogo, wa kufuga. Msinicheke.

Mama Sungura Masasi
Njoo Masasi, nna watoto wa wiki saba. Ila utasaini kwanza 😂

Fundi Makochi
Nimerudi kama nilivyosema. Baba Naima zulia lako la manyoya kuna sehemu ipo chini ya kochi kubwa ambayo haionekani kamwe, hapo ndo duka lako la kiraka. Kwenye upara kata mraba uliotimia kwa wembe mpya na rula ya chuma, usifuate umbo la tundu. Kata mraba huo huo kutoka chini ya kochi, lakini kwanza pitisha kiganja uone manyoya yanalala upande gani, weka alama ya chaki, kiraka kilale upande ule ule la sivyo mchana jua likipiga kitaonekana rangi nyingine hata kama zulia ni lile lile. Chini tanguliza kipande cha turubai kipana kuliko tundu, paka gundi ya mafundi viatu turubai na kiraka, subiri ikaukie kidogo hadi isinate kidoleni, ndo ubandike, uweke matofali usiku mzima. Halafu chana manyoya ya ukingoni kwa mswaki mkavu yaingiliane.

Ile pembe ya dirishani uliyoikunja, kama hutairudisha tena, kata kabisa na pinda kwa utepe wa kitambaa ushonewe kwa mkono. Ukingo uliokatwa ukiachwa hivi hivi unafumuka, na mwenye meno akiona uzi unaning'inia hawezi kujizuia.

Baba Naima
Fundi hapo kwenye turubai na chaki ningekosea moja kwa moja. Ile gundi si inanuka kali, Mandazi nimpeleke wapi?

Fundi Makochi
Fanya asubuhi, madirisha wazi, yeye na watoto wakae ukumbi wa nyuma mpaka jioni harufu iishe. Na hata ikiisha weka marumaru juu ya kiraka siku kadhaa, gundi mpya haipendi makucha.

MifugoLindi
Huko ukumbini awe ndani ya kizimba na mtu awe karibu, siafu na vicheche hawachagui saa. Maji na kivuli usisahau.

Baba Naima
Poa. Jumamosi nafanya, mama Naima ndo kashika wembe tayari.